Vipimo vya Profesa

Jumanne, 2 Septemba

Amechaguliwa! Profesa wangu amechaguliwa. Chuo kizima, wanafunzi elfu na kitu, watoto wa wakubwa wamo, waliosomea shule za ada nene wamo — na atakayesimama mbele ya watu Siku ya Afya ni wa kwangu. Nimeacha cherehani na sindano imo kwenye kitambaa. Nimekaa niandike kabla furaha haijapoa.

Habari yenyewe hivi. Waliambiwa waandike insha juu ya kuishi kwa afya, na kuukubali mwili ulio nao badala ya kuutafuta ule wa kwenye simu. Yeye kaandika juu ya wasichana wanaojinyima chakula ili wafanane na picha, na picha zenyewe, anasema, zimechongwa na mashine. Kaandika na juu ya wavulana, wanaobeba vyuma na kunywa unga wa makopo mpaka figo zinalalamika. Wakubwa wa chuo wamesoma, wakasema huyu. Picha yake inawekwa kwenye bango getini. Wazazi tumealikwa.

Jina la Profesa nilimpa mimi, akiwa na miaka minne, kwa maneno yake mengi. Sasa tazama.

Nimemwambia fundi viatu. Nimemwambia mama wa duka la dawa. Nimemwambia mteja aliyefuata sketi yake, akaondoka bila sketi. Mzee wangu kaja mchana kutoka kwenye mabomba yake, mikono myeusi, nikampa habari pale pale mlangoni. Kasema akili hiyo mtoto kaitoa kwake. Nikamuuliza, darasa la tano ulikaa miaka mingapi? Kacheka. Mimi niliishia la saba, lakini sikurudia hata moja.

Alhamisi, 4 Septemba

Gauni nashona mwenyewe. Nani mwingine? Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani halafu mwanangu apande jukwaani na nguo ya dukani. Kitambaa cha kijani, kile kizito kisichojikunja. Vipande sita, zipu mgongoni, mikono mifupi.

Nimempigia anipe vipimo. "Mama, tumia vya kwenye daftari. Mimi ni yule yule." Nikamwambia vya daftari ni vya mwaka jana. Kasema ana kipindi, kakata.

Wifi kalitoa daftari. Wifi ni dada wa Mzee, tuko naye kazini tangu mwanzo: mimi napima na kuita, yeye anaandika. Naita kwa sauti, maana cherehani zinanguruma na ukinong'ona anakosea. Leo kaja mama mmoja mwenye mwili wake, mtu wa haya, akaniomba nimtajie Wifi sikioni. Nikamwambia mama, mwili ni wako, unamficha nani? Nikaita nyonga: hamsini na moja. Benchi zima likacheka, na yeye kacheka. Kwangu watu wanacheka. Ndiyo maana wanarudi.

Profesa, mwaka jana: kifua 36, kiuno 31, nyonga 41. Mtoto kajaa vizuri, mwili wa upande wetu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekata kitambaa. Vipande vyote sita.

Kaka yangu anaendesha basi la shule, tajiri wake kamruhusu alichukue siku hiyo. Tutakwenda kumi na wanne. Wifi kasema tuchapishe fulana zenye picha yake. Nikajifanya nakataa, kisha nikachagua rangi.

Nimempigia nimpe habari. Kasema, "Mama, si lazima waje wote." Haya zake hizo. Hakuzitoa kwangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kaja nyumbani kwa siku mbili, kujaribu gauni.

Sijui nianzie wapi. Jua la leo linakausha nguo kabla hujazianika, na yeye kashuka kwenye gari na sweta. Nikamkumbatia. Nilipapasa mgongo kupitia sufu nikahesabu pingili. Nikajiambia ni sweta.

Akaingia nyuma ya pazia. Akatoka. Gauni lilikuwa limemwagika juu yake. Mabega yameshuka mpaka mikononi, kiuno kimekaa kwenye nyonga. Kacheka: "Mama, umenipa la Shangazi?" Wifi naye kacheka, maana yeye ni kipande cha mtu na hanuni kuambiwa.

Nikachukua utepe. Kifua thelathini na moja. Hicho nilikiita. Kiuno nikazungusha, nikasoma. Nikatoa, nikazungusha tena. Ishirini na nne. Wifi kashika kalamu ananingoja. Mara ya kwanza katika kazi yangu nimekwenda mwenyewe kwenye daftari nikaandika.

"Umekuwa modo, kama wale wa matangazo," Wifi akamwambia.

Na mimi nikasema, "Umependeza." Mdomo huu huu. Umependeza. Utepe bado uko mkononi.

Profesa kasema ni ngazi. Bweni lao ghorofa ya nne, madarasa ya tatu, kutwa kupanda na kushuka. Nikakubali. Ngazi ni mazoezi, si wanasema hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepika wali na kuku, paja lake nikamwekea. Kalikata vipande vidogo, kila kipande akakitoa ngozi, akakipanga pembeni mwa sahani kama anafanya hesabu. Alikuwa anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Unamsikiliza, unasahau kuangalia sahani. Nami kwa miaka mingapi nimekuwa nikimsikiliza tu?

Baada ya kula — baada ya sisi kula — katusomea hotuba sebuleni. Kasimama karibu na kabati, karatasi mkononi. Sijasikia kitu kama kile. Anasema chakula si dhambi ya kutubu. Anasema mwili si adui wa kufungiwa njaa mpaka usalimu amri. Anasema usingizi, maji, kutembea na rafiki, sahani iliyojaa, hivyo ndivyo afya, si namba. Mzee alipiga makofi mpaka jirani akachungulia.

Kuna mahali kasema: "Wengi wetu aibu tulijifunza nyumbani, kwa watu wanaotupenda."

Nikamuuliza hao ni nani. "Watu tu, Mama. Kwa ujumla."

Mikono yake imeota malaika, vinywele vyembamba kama vya kichanga. Nimeviona alipogeuza karatasi. Kaondoka saa tisa. Kuku wake nimemkuta kwenye pipa la taka, amefungwa vizuri kwenye gazeti.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo Wifi kanitibua. Au kaniambia kweli. Sijui.

Tulikuwa tunafungua mishono ya gauni, yeye upande wake, mimi wangu. Akasema, "Wifi, unakumbuka Pipa?" Pipa gani? Akasema Profesa akiwa na miaka kumi na tatu, tunampima sare ya shule. Duka limejaa, ni wiki ya kufungua shule. Nikaita kiuno thelathini na tatu, halafu nikaongeza: "Andika pipa." Watu wakacheka. Mwezi mzima tukamwita Pipa, mimi, Wifi, Mzee, hata fundi viatu. Pipa njoo. Pipa umekula? Halafu jina likaisha lenyewe.

Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Mimi nakumbuka, maana kuanzia hapo hajakubali kupimwa mbele ya watu. Alikuwa anajipima chumbani, ananiletea karatasi."

Nikaenda stoo. Madaftari ya zamani nimeyafunga kwa kamba, mwaka kwa mwaka. Nikalipata la mwaka ule. Mwandiko wa Wifi: sare, sketi, kiuno 33. Na pembeni Wifi kachora pipa dogo, na vyuma vyake viwili.

Mimi huwatania watoto wangu wote. Kaka yake nilimwita Kijiti mpaka akaoa. Nilimtania kwa kumpenda. Ndivyo mama yangu alivyonitania mimi. Nani angejua kwamba mmoja atacheka na jambo likaisha, mwingine atacheka na asiache kulisikia?

Sikula mchana. Nikajikuta najiuliza kama ndivyo inavyoanza. Nikala.

Jumatano, 17 Septemba

Gauni nimelipunguza kwa vipimo vya Jumamosi. Limekaa sawa kwenye mwanasesere wa dukani, na yule si mtu, ni mbao.

Saa nne simu. "Mama, kiunoni toa tena inchi moja na nusu. Kujihadhari tu."

Kujihadhari na nini? Nikamwambia likibana hutapumua jukwaani. Akasema, "Mama, wewe fundi au siyo?" Kwa utani, ile sauti yangu mwenyewe.

Nikisema sishoni, atatafuta fundi mwingine, na mimi hata utepe sitashika tena. Nikishona, ninafanya nini? Nimekaa mbele ya cherehani saa nzima mguu juu ya pedali. Wateja wananisalimia, naitikia. Mwisho nimetoa inchi na nusu. Lakini sikukata. Kitambaa chote nimekikunja ndani ya mishono, kila upande, kipo pale, vidole vitatu vizima. Ndicho nilichoweza.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekwenda chuoni bila kusema. Hotpoti mbili za chakula kwenye kikapu.

Getini nimeliona bango. Refu kuliko basi la kaka yangu. Profesa anacheka, mashavu yamejaa — wametumia picha ya mwaka wa kwanza. Chini yake maandishi: MWILI WAKO UNATOSHA. Nikataka kumwambia mlinzi huyo ni wangu. Nikamwambia. Kanitazama, katazama bango. "Yule aliyekonda anayepita hapa ni dada yake huyu?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, sikujua niseme nini.

Mwenzake wa chumba ndiye alinipokea, msichana mdogo wa sauti ndogo. Kanikalisha kitandani kwake, akachungulia mlango kabla ya kusema. Tiketi za chakula za Profesa anazitumia yeye mwenzake, tangu muhula wa kwanza. Kabla ya mapambazuko Profesa yuko kwenye ngazi, juu na chini, mara arobaini. Wiki iliyopita alianguka bafuni, wakasema sakafu ina sabuni.

"Halafu, mama," akaniambia, "wasichana watatu wa bweni hili wameanza kula kwa sababu yake. Anakaa nao mezani mpaka wamalize. Mimi mmojawapo." Akaanza kulia. Mimi nikambembeleza yeye.

Profesa kaingia. Midomo mikavu. "Mama, nani kakuita?"

Nikasema nimepita tu. Kama mtu anaweza kupita tu mwendo wa saa tatu na hotpoti mbili.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yakatoka vibaya. Nikamwambia unawafundisha wenzio kula na wewe huli, mwanangu, hii ni nini? Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kaniambia polepole, kama anayemweleza mtoto: "Mama, mnene akisimama pale akasema pendeni miili yenu, wanasema anajifariji. Mwembamba akisema, wanasikiliza. Ni mpaka siku ile tu."

La saba yangu haikufika hapo. Na kibaya zaidi, nikaona ni kweli. Hata mimi ningemsikiliza mwembamba.

Nikasema, "Lile jina tulilokuwa tunakuita, ukiwa mdogo. Nilikosea."

"Jina gani?"

Nikashindwa kulitaja.

"Sikumbuki kitu, Mama," akasema. Kafunga hotpoti vizuri, kabana kifuniko kwa viganja viwili, kampa mwenzake. Kanisindikiza mpaka getini, kanishika mkono tunashuka ngazi, mimi ndiye mzima. Kila hatua anapumzika na kujifanya ananionyesha kitu. Pale maktaba, Mama. Pale bustani.

Nyumbani wameniuliza vipi. Nimesema bango ni refu kuliko basi.

Jumanne, 23 Septemba

Muuguzi wa chuo amenipigia. Mwanamke wa makamo, sauti ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Kasema moyo wa Profesa unapiga polepole mno, sukari iko chini, angetaka alazwe leo. Profesa kakataa. Baada ya Siku ya Afya, kasema. Ni mtu mzima, hawezi kumfunga kamba. Profesa amemruhusu anipigie mimi tu, tena kwa kubanwa.

Nikamuuliza nimwambie nini mtoto. Kasema usimwambie amekonda, usimwambie amependeza, usitaje mwili kabisa. Kaa naye, kula naye. Mwambie unamtaka hai, hotuba baadaye. Kuna daktari wa hospitali kubwa anayejua ugonjwa huu. Ni ugonjwa, mama, si maringo.

Ugonjwa. Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi.

Nikamwambia Mzee. Kanisikiliza huku anafunga mkoba wa spana. "Siku nne tu, mke wangu. Akimaliza tunampeleka. Ukimzuia sasa utamvunja." Kisha kakaa kwenye kizingiti, mkoba mapajani, hakwenda popote. Nikaona mabega yake. Naye anaogopa, basi anahesabu siku.

Nimempigia kaka yangu nifute safari. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Akasema, "Dada, tumefika kumi na wanane, hata tajiri wa basi anakuja na mkewe." Nikasikia mtu anasema karibuni wote, siti za mbele tuwawekee. Mtu huyo ni mimi.

Fulana zimeletwa. Uso wa Profesa umechapwa kumi na nane, mashavu yote yamejaa.

Jumatano, 24 Septemba

Naandika kwa sababu nimeambiwa nisubiri, na kusubiri bila kushika kitu siwezi.

Asubuhi nilimpigia. Nikasema kama alivyonifundisha muuguzi, nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi: nakutaka hai, hotuba baadaye, nakuja leo tule pamoja. Kasema, "Usije leo, Mama, nina mazoezi ya kusoma." Nikasema nakuja. Kasema, "Kesho basi. Kesho nitakula." Nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali. Nilifurahi kupewa kesho.

Saa saba na nusu kapiga mwenyewe. Yeye hapigi mchana. Sauti nzito, maneno yanakuja moja moja, kama mtu aliyeamshwa.

"Mama, ile siku ya wageni ni lini?"

Nikadhani ananitania. Nikasema, profesa gani asiyejua siku ya hotuba yake? Hakucheka. Nikamwambia siku. Kasema sawa. Nikasikia anahema. Kisha:

"Mama, wageni wanakuja lini?"

Nikamwambia tena. Nikamuuliza uko wapi, kasema kwenye ngazi. Uko na nani? Kasema baridi. Simu ikabaki wazi, nasikia viatu vya watu vinapita, hakuna anayesimama, halafu ikakatika.

Nikampigia muuguzi. Kapokea mara ya pili. Sikumaliza kusema. Kasema anakwenda bwenini sasa hivi, nisipige, niache simu wazi, atanipigia akimfikia. Dakika ishirini zimepita. Mwenzake wa chumba hapokei. Mzee yuko njiani na gari la kazini, akifika tunaondoka. Nimevaa viatu. Mkoba uko mapajani. Simu iko hapa juu ya meza ya kukatia, nimeiwekea utepe pembeni isiteleze.

Wifi sijamwambia. Yuko nje kwenye benchi anakunja fulana. Nitoke nimwambie, naogopa kuiacha simu. Kuna mteja kamuuliza za nini zote hizo, uso mmoja. Nasikia anavyomjibu, kwa sauti kubwa, kama ninavyojibu mimi: ni binti yetu, anazungumza chuoni mbele ya watu wote, somo la afya, kachaguliwa yeye peke yake. Mteja kauliza ni lini.

"Jumamosi," Wifi anamwambia. "Wote tunakwenda Jumamosi."